Kufuli Lililotolewa

Jina la mwisho kuigusa rekodi ya marehemu jioni ya kabla ya kifo lilikuwa la Zein, meneja wa nyumba ya wazee, na ndiyo maana asubuhi ile Generosa alipanda basi kwenda Woolwich akiamini kwamba safari hii amempata mtu wake.

Alikuwa ameifanya kazi ya upelelezi nusu ya umri wake, kwanza polisi Mwanza, sasa kwa mawakili wa London wasio na muda wa kutembea. Kesi hii aliletewa na wakili Haifa, na ilielezeka kwa maneno machache. Mzee Fortunat, Mkongo aliyekuwa na kisukari, alidungwa insulini yake jioni na nesi aitwaye Serah. Usiku uleule nesi wa zamu iliyofuata, Stéphanie, alifungua tableti ambayo manesi hubonyeza kila wanapotoa dawa. Akaona pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba insulini ya mzee haijatolewa. Akamdunga tena. Alfajiri mzee alikutwa amekufa.

Hakuna aliyebisha kwamba sindano zilikuwa mbili. Ubishi ulikuwa juu ya jambo moja. Serah alisema alimdunga, akabonyeza, akaona alama ya kijani. Rekodi ilisema hakubonyeza chochote. Polisi waliiamini rekodi, na sasa walikuwa wakizungumzia kumshtaki Serah, mteja wa Haifa, kwa kosa la kuua kwa uzembe.

Zein alimpokea mlangoni, akampeleka ofisini, akafunga mlango kabla hajaketi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Mbona unafunga?" Generosa aliuliza.

"Wazee wanasikia, dadangu. Tangu Mzee Fortunat afe, wakilisikia jina lake wengine hukataa dawa."

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Papa hapa. Kwenye kiti hiki."

"Ukifanya nini?"

"Napokea dawa. Gari la famasia lilikuwa limeleta katoni. Nikishazipokea nazipitisha kwenye mashine, na kompyuta inaziongeza kwenye rekodi ya kila mgonjwa."

"Mzee Fortunat naye aliletewa?"

"Kalamu za insulini, zile za kudungia, ndiyo."

"Ukiwa hapo ulipo, unaweza kuifuta alama iliyowekwa na nesi?"

Zein alimtazama, kisha akatazama mikono yake. "Naweza. Meneja ana ruhusa."

"Uliifuta?"

"Wallahi sikuifuta."

"Jina lako ndilo la mwisho kwenye rekodi yake jioni ile. Saa ileile ambayo Serah anasema alibonyeza."

"Najua. Polisi waliniuliza hayo hayo, nikawaonyesha. Hebu sogea nawe utazame."

Aligeuza kioo cha kompyuta. Akafungua rekodi ya majaribio, ile ya kufundishia wageni, akaweka alama ya dawa, kisha akaifuta. Chini yake pakatokea mstari: imefutwa na Zein, tarehe na saa. Akajaribu kuufuta na huo mstari. Kompyuta ikakataa.

"Ukifuta, inasema nani kafuta," Zein alisema. "Haina siri. Sasa tazama ya marehemu."

Generosa aliisoma mwenyewe, kutoka juu mpaka chini, akarudia. Palikuwa na kalamu za insulini zilizopokelewa na Zein, na chini yake sindano ya Stéphanie ya usiku. Alama ya Serah haikuwapo. Mstari wa kufutwa nao haukuwapo. Ilikuwa kama hakuna mtu aliyegusa kitu.

Alikuwa amekuja na mtuhumiwa, sasa hakuwa naye.

"Serah ulimwona wakati huo?" aliuliza, kwa sababu lilikuwa limebaki swali hilo tu.

"Alipita hapa na trei, dereva wa famasia bado amesimama nikimtilia saini. Akaingia kwa mzee. Nikawasikia wakitaniana kwa Kiswahili cha Kongo, cha kwao mzee. Serah alikuwa akimwigiza, mzee akicheka."

"Wewe ukaanza kupokea dawa."

"Naam. Papo hapo."

Mlango ukagongwa. Mhudumu mmoja alitaka Zein athibitishe dawa ya maumivu ya bibi wa chumba cha mwisho. Zein akachukua tableti, akabonyeza. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka, ndipo alama ikatokea.

"Mashine hizi!" Zein alisema, mhudumu alipokwisha kuondoka. "Zamani zilikuwa upesi. Wiki ileile ya maziko wakatutilia programu mpya, na tangu hapo watu wawili mkibonyeza mgonjwa mmoja, mmoja wenu atangoja. Unakaa hapo kama uko kwenye foleni ya posta."

Generosa aliyasikia maneno hayo, akaondoka nayo bila kujua yana thamani gani.

Nje, mbele ya meza za soko la Woolwich, alimpigia Haifa.

"Zein siye," alisema.

"Una hakika?" Haifa alikuwa Mzanzibari, na hata akiwa na haraka hakumeza silabi.

"Kufuta kunaacha alama. Hapa hakuna alama."

"Basi tumebaki na Serah tu. Generosa, polisi wanamtaka tena Ijumaa. Dhana n'nazo nyingi. Nataka kitu cha kukishika mkononi."

Mtu mmoja alikuwa amebaki. Sachin alikuwa miongoni mwa watu walioiandika programu ile ya dawa, kabla ya kuacha kazi kwenye kampuni. Alikuwa amekwisha kukata simu mbili za Generosa. Safari hii Generosa hakuanza kwa Kiingereza.

"Shikamoo kaka Sachin. Nimesikia wewe ni mtu wa Mwanza. Mimi nilifanya kazi kituo cha polisi pale."

Safari hii simu haikukatwa. Kisha sauti ikasema, "Marahaba. Duka la baba lilikuwa mtaa wa nyuma yake. Njoo mchana."

Nyumba ya Sachin ilikuwa Stanmore, mwisho wa reli, kwenye barabara ambayo kila ua wake wa miti umekatwa sawasawa. Mkewe, Minal, alileta chai na sahani ya chevda, vitafunio vya Kihindi, akawaacha. Sachin alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, ndevu zimeota bila mpango. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kitupu, kimekaa bila kutumika lakini hakijaoza.

"Nimesaini karatasi za kunyamaza," alisema. "Ila sidhani kama walifikiria Kiswahili. Niambie."

Generosa alimweleza yote kwa mpangilio. Sachin alisikiliza macho yakiwa kwenye chai. Generosa alipofika kwenye malalamiko ya Zein kuhusu tableti kusubirisha watu, Sachin alinyanyua kichwa.

"Rudia hapo. Zinasubirisha?"

"Watu wawili wakimgusa mgonjwa mmoja, mmoja anangoja. Tangu waletewe programu mpya."

"Lini?"

"Wiki ya maziko."

Sachin aliweka kikombe chini. "Wamerudisha kufuli."

"Kufuli gani?"

"Sikiliza, dada. Watu wanadhani ile ni programu moja. Si moja. Ni nyingi, zinakwenda kwa wakati mmoja. Moja inahudumia tableti za manesi. Nyingine inapokea dawa za famasia. Zote zinashika rekodi ileile ya mgonjwa. Sasa, programu haiandiki moja kwa moja kwenye rekodi. Inachukua nakala, inaibadilisha ile nakala, halafu inairudisha nzima juu ya iliyokuwapo. Umenipata?"

"Endelea."

"Serah anabonyeza. Programu yake inachukua nakala. Wakati huohuo Zein anapokea kalamu. Programu yake nayo inachukua nakala. Nakala zote mbili hazina alama ya sindano, maana Serah hajarudisha ya kwake. Anarudisha, ina alama. Halafu ya Zein inarudi, ina kalamu, haina alama. Inakaa juu. Ipi imebaki?"

"Ya mwisho."

"Ya mwisho. Hakuna aliyefuta, kwa hiyo hakuna jina la mfutaji. Imefunikwa tu."

Generosa aliyapanga upya kichwani. Jina la Zein kuwa la mwisho, mstari wa kufuta kukosekana, mzee kucheka chumbani huku katoni ikifunguliwa ofisini: kila kitu kilikaa mahali pake.

"Na alama ya kijani?" aliuliza. "Serah anaapa aliiona."

"Aliiona. Yake ilihifadhiwa. Ya Zein nayo ilihifadhiwa. Kila mmoja aliambiwa imefaulu, na hakuna aliyedanganywa."

"Sasa kufuli."

"Kufuli ni amri ndani ya programu. Anayetaka rekodi aifunge kwanza, afanye yake, aifungue. Mwenzake asubiri. Ndiko huko kusubiri kwa Zein. Tuliliweka tangu mwanzo. Siku moja programu ikafa ikiwa imeshika kufuli, haijafungua. Nyumba nzima ya wazee, tableti zikaganda jioni yote, wazee hawapati dawa. Wateja wakapiga kelele. Mimi nikasema tuandike kufuli linalojifungua lenyewe likitelekezwa. Wakubwa wakasema hiyo ni kazi ya majuma, litoeni. Nikasema mkilitoa, siku moja rekodi italaliwa na nyingine. Wakaniuliza, imewahi kutokea? Nikasema bado. Wakalitoa. Nikaacha kazi."

"Mzee alipokufa wakalirudisha."

"Kimya kimya. Kwa sababu gani nyingine walirudishe wiki ileile?"

Generosa alivuta kiti karibu na meza ya kompyuta. "Nionyeshe ikitokea."

Sachin aliandika. Haikuwa programu ndefu: rekodi moja ya mgonjwa wa kubuni, programu moja ya kuweka alama, nyingine ya kuongeza kalamu, zote mbili zikishindana kuifikia bila kufuli, tena na tena, maelfu ya mara. Aliianzisha. Namba zikapanda kwenye kioo. Alama ipo, kalamu zipo. Alama ipo, kalamu zipo.

"Haitokei," Generosa alisema.

"Ngoja. Niweke mistari ya kuzitazama, zituambie kila hatua zinayopiga."

Akaiweka. Wakangoja. Minal alikuja kuchukua vikombe, chai ilikuwa imepoa haijanywewa. Hakuna kilichopotea. Kila alama ilikaa.

Sachin alicheka bila furaha. "Ndiyo tabia yake. Ukiisimamia, programu inapoteza muda ikikuandikia taarifa, na ule upenyo wa kugongana unazibika. Ukiitazama haifanyi."

Akaondoa ile mistari, akaianzisha upya. Walikaa mpaka kivuli cha ua kilipofika dirishani. Hapo Sachin akagusa kioo kwa kidole.

"Hii."

Generosa aliinama. Kalamu zilikuwapo. Alama haikuwapo. Hapakuwa na rangi nyekundu wala onyo. Juu yake, mara mbili, palikuwa pameandikwa kwamba imehifadhiwa. Kisha namba zikaendelea kupanda kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa muda mfupi alijisikia kama mtu aliyefika. Halafu akafanya alichofundishwa kufanya kila anapopata ushahidi, akakaa upande wa pili na kuanza kuuvunja.

"Hii ni programu yao?"

"Hapana. Yao niliiacha kwao. Hii nimeiandika sasa hivi kwa kukumbuka."

"Ya zamani iko wapi?"

"Kwao. Kama hawajaitupa."

"Watasema hii uliyoandika ina kosa kwa sababu umeiandika iwe na kosa."

"Mimi ningekuwa wao ningesema hivyo."

"Kompyuta zao hazihifadhi taarifa za nani aliomba nini, lini?"

"Zinahifadhi. Baada ya mwezi zinajifuta zenyewe."

Mzee Fortunat alikuwa amezikwa kwenye baridi, watu wamevaa glavu. Sasa madirisha ya Stanmore yalikuwa wazi.

"Na tableti yenyewe aliyoshika Serah?"

"Ukitia programu mpya, ya zamani inafagiliwa yote."

"Sachin. Ukisimama mahakamani ukaulizwa, jioni ile, kwa mgonjwa yule, je, hili ndilo lililotokea? Utajibu nini?"

"Nitasema linaweza kutokea."

"Na nesi aliyechoka, mwisho wa zamu, kusahau kubonyeza. Nalo linaweza kutokea?"

Sachin alitazama namba zilizokuwa zikipanda.

"Linaweza," alisema.

"Lipi hutokea zaidi?"

"Dada."

"Watakuuliza."

"Kusahau," alisema. "Kusahau hutokea zaidi. Mbali sana." Kisha, kana kwamba anaomba radhi: "Lakini nitakuja. Wanishtaki wakitaka. Mwambie wakili wako nitakuja."

Simu ya Generosa ikalia. Alikuwa Haifa.

"Uko wapi?"

"Stanmore. Nimekipata, Haifa. Si kamili, lakini nina shahidi."

"Usin'ambie sasa." Sauti ya Haifa ilikuwa imepungua. "Serah amekwenda polisi mwenyewe mchana huu. Bila ya mimi, bila ya mtu. Ameandikisha kwamba alisahau kubonyeza. Amekiri."

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika tena Woolwich. Serah alipanga chumba juu ya duka la unga na nywele za kusuka. Alifungua mlango akiwa na pasi mkononi. Hakuonekana kushtuka.

"Ungepiga simu kwanza, anti."

"Ungepokea?"

"Hapana."

Akamwachia njia. Kwenye ubao wa kupigia pasi palikuwa na sare ya unesi ya buluu. Generosa akakaa kitandani, maana kiti hakikuwapo, akamweleza kila kitu: katoni, nakala mbili, kufuli, namba zilizopanda mchana kutwa mpaka alama moja ikapotea. Alieleza polepole kama alivyoelezwa. Serah alipiga pasi kola akisikiliza.

"Kwa hivyo ni Zein?"

"Si Zein. Yeye hakujua. Mpaka sasa hajui."

"Ni hiyo kampuni."

"Ndiyo."

"Na uko na proof?"

"Nina mtu atakayesema inawezekana."

"Inawezekana," Serah alirudia, bila kejeli.

"Kwa nini ulikwenda bila wakili? Kwa nini hukungoja hata kesho?"

"Umewahi kuulizwa kitu kimoja mara mia, anti? Ulibonyeza? Una uhakika? Ama ni jioni ingine unakumbuka? Mimi nimebonyeza hiyo tableti kila jioni miaka mitatu. Huyo mzee, nimemdunga sijui mara ngapi. Mwanzo nilikuwa naona kidole yangu, naona ile green. Nilikuwa naweza kuapa mbele ya mamangu. Sasa nikifunga macho naona kidole ikibonyeza. Nikifunga tena, naona natoka na trei sijabonyeza. Zote ziko wazi namna moja. Sijui gani ni yangu na gani ni ya polisi."

"Hiyo si sababu ya kukiri."

"Stéphanie halali." Serah aliigeuza sare. "Yeye ndiye alidunga ya pili. Nikikaa hapo nikisema nilibonyeza, wanamrudia yeye. Mbona hukuuliza, mbona hukumpigia Serah simu. Alinipigia, anti. Nilikuwa kwa treni, simu haishiki. Ako na watoto wawili, na visa yake imefungwa kwa hiyo kazi, akifutwa anarudishwa kwao. Nikasema basi, mmoja atoshe."

"Haifa anaweza kuomba maneno uliyoandikisha leo yatupwe. Hukuwa na wakili. Sachin atasimama."

"Halafu?"

"Halafu wataanza upya."

"Kuniuliza kama nilibonyeza."

Chini, mwenye duka alikuwa akishusha shata, chuma kikalia mpaka sakafuni.

"Wewe unaamini nilibonyeza?" Serah aliuliza.

Katika miaka yote Generosa hakuwahi kumwambia mteja anachoamini. Kazi yake ilikuwa kuleta kinachoshikika, na zaidi ya hapo alinyamaza. Alimtazama msichana yule, macho yake mekundu, mkono wake imara juu ya pasi.

"Ndiyo," alisema. "Ulibonyeza."

"Ulikuwepo?"

"Hapana."

Serah alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

"Basi tuko sawa," alisema. "Hata mimi siku hizi ni kama sikuwepo."

Akanyoosha mkono wa sare juu ya ubao. "Kazini wanaitaka irudi kesho," alisema, "ikiwa safi." Akaendelea kupiga pasi.